Naomba ushauri: mkate mtamu wa nazi usio na nafaka

Habari zenu wapishi. Mama mkwe ameacha nafaka zote, si ngano tu, hata mchele na mahindi, na Ramadhani ndiyo hiyo inakaribia. Yeye na mkate wa kumimina ni damu damu, lakini ule unaanza na mchele wa kuroweka, kwa hiyo natafuta wa kukaa badala yake.

Natumia machicha ya nazi niliyoyaanika na kuyasaga, mayai manne kwa kikombe kimoja, tui zito, sukari na iliki. Utamu upo, silalamiki. Shida ni umbo: juu unapasuka, katikati mbichi, ukitia kisu unamomonyoka. Unga wa nazi unafyonza majimaji vibaya mno, na kwa kuwa hauna mnato wa ngano, mayai ndiyo yanayoshika kila kitu. Nikiyazidisha, shombo, na iliki yote ile haifui dafu.

Nafikiria kuchanganya unga wa muhogo, maana muhogo si nafaka na wanga wake unashika. Niweke kiasi gani usije ukawa mzito? Hamira je, inafaa hapa au napoteza muda? Beking pauda nimeiweka kando, nyingi zina wanga wa mahindi. Natumia magadi soda na ndimu.

Sina oveni, napalia mkaa juu na chini. Moto wa juu niutie tangu mwanzo, au nisubiri ukishashika?