Mrejesho: Kambi ya voliboli ya binti yangu, likizo ya Agosti

Wazazi wenzangu, mwezi wa saba niliuliza nimpeleke wapi binti yangu wa miaka 15, anayecheza nafasi ya seta (yule anayewainulia wenzake mpira waupige): kambi ya kulala wiki nzima nje ya mji, au mazoezi ya siku 4 ya kwenda na kurudi hapa Nairobi. Asanteni sana kwa majibu.

Nilimsikiliza yule dada aliyesema nikaone kwanza kabla ya kulipa. Wale wa kambi ya kulala huwa na mazoezi Jumamosi, nikaenda. Watoto zaidi ya 40, mipira 6, kocha mmoja. Mtoto anagusa mpira mara moja, anarudi mkiani mwa foleni. Sikulipa.

Tukachukua ile ya siku 4. Watoto 14, makocha wawili, wavu umefungwa mita 2.24, kimo kile kile wanachochezea Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya. Siku ya pili kocha alimsimamisha binti yangu karibu na wavu: miguu ifike chini ya mpira kwanza, ndipo mikono iinuke, mpira upokelewe kwa vidole, juu ya paji la uso, viganja visiguse. Akarudia pasi hiyo hiyo hadi jasho likadondoka viwikoni. Jioni kwenye matatu vidole bado vilikuwa vinacheza hewani.

Uwanja ni wa saruji, kwa hiyo pedi za magoti ni lazima. Chakula cha mchana tulijibebea.

Desemba anarudi, ameshaniambia mwenyewe.