Tupeane uzoefu: dozi za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mlizipangaje?

Wapendwa, binti yangu ana miaka 12, keshachomwa sindano moja ya HPV, yaani virusi vinavyoleta saratani hiyo. Dada yangu anasema bado moja, wifi anasema imetosha. Waliopitia haya watuambie, na umri mtaje, maana nahisi hapo ndipo tunapochanganyana.

MamaPacha: Mbona wote wako sahihi! Mkubwa wangu alichanjwa mara mbili, zikapishana miezi sita. Mdogo wake kachomwa moja, nikaambiwa basi. Nikang'aka, huyu mnampunja kwa nini? Nesi akanieleza kuwa tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali moja au mbili kwa wa miaka 9 hadi 20, kila nchi inachagua yake.

Bi Mdogo: Mie nilianza ukubwani, miaka 26, nikapangiwa tatu: siku ya kwanza, baada ya miezi miwili, kisha miezi sita tangu ile ya kwanza. Baada ya ya pili nikashika mimba, wakasema ngoja ujifungue. Narudi mtoto keshaanza kutambaa, najua naanza upya. Wala! Wakanimalizia ya tatu tu. Ila kupimwa mlango wa kizazi bado napimwa, chanjo haiondoi virusi ulivyokwisha kuvipata.

Shangazi Mtu: Kuchelewa kuna nafuu, kazi ni kuwahi. Mpwa wangu alikuwa anasafiri, tukaomba ya pili mapema, haijafika hata miezi mitatu. Wakakubali. Kwenda kliniki nyingine, nesi akapitisha kidole kwenye kadi, tarehe ya kwanza, tarehe ya pili, akaguna. Kwa ratiba yao, zikipishana chini ya miezi mitano lazima iongezwe ya tatu. Mtoto alininunia wiki nzima. Kadi ipigeni picha jamani, bila ile kadi tungebishana mpaka kesho.

Mwanakwetu: Naishi na VVU, hizo habari za dozi moja hazinihusu. Kwetu ni mbili kwa uchache, tatu ikiwezekana. Niliomba tarehe zilingane na siku za kuchukua dawa, sikukosa hata moja.

Mwenye mada: Asanteni, naenda kuuliza ratiba ya hapa tulipo. Ila binti anaogopa sindano, juzi nusura azimie.

MamaPacha: Mkalishe dakika 15 kabla hamjaondoka. Mkubwa wangu alijifanya shujaa, akadondokea mlangoni.