Diski ya rock ya magendo: tuisafishe mpaka ing'are, ama tuiache na mikwaruzo yake?

Mutoto wa Kamalondo
Wakubwa, salamu. Waliokuja kwangu Jumapili wameiona ile diski, wengine nawaeleza kwa kifupi. Mjomba aliachiwa na Mbelgiji mmoja aliyekuwa na duka la redio hapa Lubumbashi, siku alipofunga mizigo baada ya Mobutu kutangaza Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zinachukuliwa. Jalada jeupe, halina jina, kuna alama ya muhuri wa mpira uliofutika. Ndani ni rock ya konseti. Gitaa mbili, ngoma, mwimbaji wa Kiingereza, watu wanapiga makofi. Upande wa pili sindano inaruka mara tatu. Tumechanga dola 85 za sindano. Swali langu ni moja: kabla ya usiku wa kusikiliza, tuirekodi kwenye kompyuta na kuondoa mikwaruzo yote, ama tuipige ilivyo? Mimi niko upande wa kusafisha. Semeni.

Papa Thelathini na Tatu
Iachwe. Jalada jeupe lenye muhuri, mutoto wangu, ndivyo magendo ya kwanza ya rock yalivyotoka kule Marekani. Great White Wonder ya Bob Dylan, 1969, jalada lilikuwa jeupe tupu. Mwaka uleule ikatoka ya Rolling Stones, konseti ya Oakland ya tarehe 9 Novemba, jina limegongwa muhuri. Yako huenda ni kopi ya kopi, lakini ni ya ukoo huo. Mtu aliingia ukumbini na mashine kaificha, akarekodi, akapeleka kiwandani bila ruhusa ya mtu. Ukiipaka poda inakuwa diski ya dukani, na ya dukani unaweza kuinunua.

Fundi Redio
Papa, tusichanganye mambo mawili. Kuosha si kupaka poda. Vumbi la Kamalondo halikuwepo ukumbini siku ile. Kwanza ioshwe, irekodiwe, halafu ndiyo tubishane kuhusu programu.

Kijana Bel-Air
Naunga mkono, ila aoshe mtu anayejua. Nimeshaona kule Katuba mtu anasugua diski na Omo na sifongo kama sahani iliyogandiwa na bukari, ugali wetu. James Brown alipokuja Lubumbashi 1974 diski zake ziliuzwa kila mahali, leo utafute moja iliyo nzima! Zimeoshwa zote.

Mama Katuba
Kule Katuba. KULE. Kijana, umewahi kuvuka reli kweli ama unatuona kwa darubini kutoka kwenye balkoni ya baba yako?

Diski za marehemu mume wangu ni 212, nimezihesabu mwenyewe. Zimesimama wima kwenye kabati, haijalala hata moja. Naziosha na maji ya betri yale ya kununua, yasiyo na chokaa, tone moja la sabuni ya maji, kitambaa cha flaneli, nafuata mzunguko wa mifereji, sikatizi. Lebo ya katikati naifunika na kifuniko cha mtungi wa plastiki nilichokikata kwa kisu. Zinakauka kwenye kichanja cha sahani, ndiyo, SAHANI ZA BUKARI, kwa sababu hakuna kichanja kizuri kuliko hicho. Njoo usikilize halafu uniambie Omo iko wapi.

Papa Thelathini na Tatu
Na James Brown hakufika Lubumbashi mwaka huo. Alipiga Kinshasa, tamasha la Zaire 74, tarehe 22 mpaka 24 Septemba, pamoja na B.B. King, Bill Withers na Celia Cruz. Lilikuwa lisindikize ngumi za Ali na Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba, wanamuziki wakapiga wakaenda zao. Nyie watoto mnaokota historia kwenye simu.

Kijana Bel-Air
Papa, nilimaanisha alikuja nchini. Mama, sikutaja jina la mtu, nilisema nimeona. Kama kofia inakutosha…

Mama Katuba
Hiyo sentensi uimalizie mbele yangu.

Sikio Moja
Samahani kuingilia. Nimesikiliza kipande cha nusu dakika alichotuma mwenye diski na nimekijaribu kwenye programu ya kuondoa mikwaruzo. Programu haijui muziki. Inatafuta mlio mfupi unaopanda ghafla na kufa papo hapo, inaukata, inaziba pengo kwa kukisia. Mkwaruzo uko hivyo. Kofi la mkono nalo liko hivyo. Fimbo ikigonga ngoma ndogo, hivyohivyo. Nilipoongeza nguvu mpaka vumbi likaisha, umati ukaisha nao. Watu elfu kadhaa wakawa kama mvua inayonyesha nyumba ya tatu. Kwa hiyo swali si kusafisha au kutosafisha. Ni nani atakaa na diski nzima akichagua kwa sikio, mlio mmoja mmoja, hili vumbi, hili kofi. Ni kazi ya wiki.

Mpita Kasumbalesa
Mimi nawatetea wa Katuba, mama yangu alizaliwa pale. Kijana aombe radhi tuendelee.

Mwalimu Ruashi
Nasoma hapa najiuliza kama niko Lubumbashi ama London. Dola 85! Kwa ajili ya Wazungu wasiojulikana majina, walioibiwa na Mzungu mwenzao, wakaachwa hapa na Mzungu wa tatu. Na mpiga gitaa wetu Jean-Bosco Mwenda je? Hugh Tracey, mrekodi wa muziki, alimkuta Jadotville, Likasi yetu, 1952, akamrekodi «Masanga», diski zikatoka kwa kampuni ya Gallotone na dunia ya wapiga gitaa ikasimama kusikiliza jinsi mtu mmoja anavyopiga kama wawili. Nani hapa anayo ile ya mizunguko 78 kwa dakika, nzima? Zinapasukia uvunguni mwa vitanda vya wajane, sisi tunachanga pesa ya sindano kwa ajili ya rock.

Mama Katuba
Mwalimu, mjane ninayemjua mimi hana diski uvunguni. Nimeshasema zimesimama wima.

Mwalimu Ruashi
Mama, sikukusudia wewe!

Mpita Kasumbalesa
Mwalimu, rock si ya Wazungu peke yao, na hilo unalijua, labda umelisahau kwa hasira. Pita mpaka, uko Copperbelt ya Zambia. Miaka ya sabini zilikuwepo bendi za WITCH na Amanaz, alikuwepo Rikki Ililonga. Zamrock. Mwimbaji wa WITCH alijiita Jagari, kutoka kwa Mick Jagger. Magitaa yamejaa fazi, ile sauti ya kukwaruza, ngoma ni za kwetu. Na hoja yenu yote ilishajibiwa huko. Albamu ya Amanaz ya 1975, Africa, ilipotolewa upya walitoa miksi mbili, moja kavu, moja yenye mwangwi, kila mtu achague. Basi nasi tufanye mbili. Upande A wa usiku ipigwe mbichi, upande B ipigwe iliyosafishwa.

Papa Thelathini na Tatu
Miksi mbili za waliokuwa na studio si sawa na programu ya kompyuta kutafuna makofi. Lakini nakubali wazo.

Kijana Bel-Air
Papa amekubali jambo! Andikeni tarehe.

Papa Thelathini na Tatu
Nakubali mambo mengi. Sikubali kofia.

Fundi Redio
Nimemsoma Sikio Moja, nitarudi kwake. Kwanza mmoja aliniandikia pembeni kwamba spiriti inaharibu diski. Msikie vizuri maana kuna watu wataua mali. Diski za jiwe, zile za mizunguko 78 anazolilia Mwalimu, zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Ukimwagia, Mwenda anabaki kwenye kitambaa. Diski ya vinili ya mizunguko 33 inavumilia spiriti ya isopropili kidogo iliyochanganywa na maji safi. Maji ya betri ya mama ni sahihi kabisa. Gundi ya mbao ambayo watu wanapaka na kubandua kama ngozi ya nyoka, inafanya kazi, ila ukikosea unatoa ngozi vipandevipande mpaka asubuhi.

Sasa mvumo. Kwenye kile kipande kuna mivumo miwili, na hakuna aliyesema. Mmoja uko hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde. Huo ni wetu, umeingia kutoka kwenye soketi ya Kamalondo. Wa pili hauko 50, uko juu kidogo ya 61. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wa Ulaya ni 50 kama wetu. Maana yake mvumo wa pili ni wa vikuza sauti vya ukumbi ule ule, umelala ndani ya mfereji miaka yote hii. Papa ana haki, konseti ni ya Marekani, si ya Ulaya. Na kwa kuwa unasoma 61,2 badala ya 60, diski inakimbia kwa asilimia 2. Mashine ya Mutoto ya kupigia diski tuliipima Jumapili kwa karatasi ya mistari chini ya balbu, inazunguka sawa. Aliyekimbiza ni mwizi wetu, mashine yake au kiwanda chake. Kwa hiyo wanaosema «ilivyo», ilivyo kwa nani? Mwimbaji hakuimba juu vile. Mko tayari kuirudisha chini theluthi ya nusu-toni, ama na kosa la kasi ni kovu takatifu?

Mwalimu Ruashi
Fundi kapima umeme wa Marekani kutoka Lubumbashi, na nyumbani kwangu taa haijawaka tangu jana.

Mpita Kasumbalesa
😂😂

Mutoto wa Kamalondo
Nimecheka mpaka mjomba kaniuliza kuna nini. Nimemwelezea hiyo ya 61. Akanyamaza, akasema Mbelgiji alikuwa akiipiga diski hiyo Jumamosi mchana duka likifungwa, na kila mara alimwambia: «Wanaharakisha, hawa.» Mjomba miaka yote alidhani alisema kuhusu wapiga ngoma.

Papa Thelathini na Tatu
Mutoto wangu, hapo umenishika. Kasi irekebishwe. Mikwaruzo ibaki.

Kijana Bel-Air
Sasa papa anachagua kovu la kubaki na kovu la kutoka. Tofauti yake na mimi ni nini?

Papa Thelathini na Tatu
Miaka arobaini.

Mwalimu Ruashi
Bado hamjanijibu. Na kuna sheria nchini, ya Aprili 1986, juu ya haki za watunzi. Usiku huo mtalipisha mlangoni? Mkilipisha, mwizi wa Marekani kapata matawi Kamalondo.

Mutoto wa Kamalondo
Hatulipishi, mwalimu. Za kuchanga zilikuwa za sindano. Dola 60 sindano, zimebaki 25. Nani anakataa hizo 25 ziende kwenye diski za 78, tukizipata?

Mwalimu Ruashi
Mimi sikatai. Lakini zipatikane kwanza.

Mama Katuba
Ninazo tano. Mbili za Mwenda, moja ina ufa. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeuliza, mlikuwa mnazungumzia Omo.

Mwalimu Ruashi
Mama… ufa umefika kwenye muziki ama uko ukingoni?

Mama Katuba
Ukingoni, mizunguko kama minne hivi, halafu gitaa linaingia safi. Hazitoki kwangu. Mashine ije kwangu. Na spiriti asije nayo mtu.

Sikio Moja
Kuhusu makofi, bado nasubiri maoni.

Fundi Redio
Sikio, sijakusahau. Nadhani tufanye hivi. Kelele za chini tuzipunguze bila programu ile. Rekodi kama hii ni ya kipaza sauti kimoja, kwa hiyo muziki umo kwenye mwendo wa sindano wa kushoto na kulia tu. Sindano ya stirio inachukua na mwendo wa juu na chini, na huko hakuna muziki, kuna vumbi na mtetemo. Tukijumlisha njia mbili kuwa moja, wa juu na chini unajifuta wenyewe. Hakuna kofi litakalokatwa. Mikwaruzo mikubwa itakayobaki uitoe wewe kwa mkono. Ile miruko mitatu hatuwezi kuificha, papa atafurahi. Lakini hezi 50 zetu lazima zitoke kabla ya kurekodi, na dawa ni kutotumia soketi kabisa. Kompyuta kwa betri yake. Mashine ya Mutoto ina mota ya volti 12. Nani ana betri ya gari iliyojaa?

Mpita Kasumbalesa
Yangu iko kwenye gari na gari liko foleni mpakani.

Kijana Bel-Air
Ya baba hawezi kuitoa.

Mama Katuba
Ninayo, ya taa, imejaa tangu juzi. Jumamosi saa tisa, kwangu, diski zote, ya rock na za Mwenda. Betri itatoka chumbani hadi barazani, kilo zake kama ishirini. Kijana wa Bel-Air ndiye ataibeba.

Kijana Bel-Air
Saa tisa kamili, mama. Nikuletee sifongo?