Vihisi vya shafti, vya nyumba ya beringi au vya betri: kipi kifuatilie mtetemo wa turbaini ya gesi?

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Ndugu wanachama, turbaini yetu ya gesi ni ya aina nzito, huzunguka mara 3000 kwa dakika, na rota yake hubebwa na beringi za utando wa mafuta. Tangu iwashwe mara ya kwanza, ulinzi wake umetegemea vihisi vya kasi ya mtetemo vyenye koili na sumaku vilivyofungwa juu ya nyumba za beringi. Vihisi hivyo sasa vimechakaa, na mezani kuna mapendekezo matatu: kuweka vihisi vya mchapuko (vinavyopima jinsi kasi ya mtikisiko inavyobadilika) mahali palepale, kutoboa nyumba za beringi ili kuingiza vihisi vinavyoitazama shafti bila kuigusa, au kubandika vihisi vya betri visivyotumia waya, ambavyo wauzaji wanasema hufungwa kwa siku moja. Naomba hoja za waliowahi kuvitumia.

Mpima Mtetemo

Ndugu mleta mada, jibu limo katika sentensi yako ya kwanza. Shafti inapoelea juu ya utando wa mafuta, hucheza ndani ya nafasi ndogo sana, na mafuta hayo hunyonya sehemu kubwa ya mtikisiko kabla haujafika nje; nyumba ya beringi ikiwa nzito na ngumu, kihisi cha nje husikia mnong'ono wakati ndani pana ugomvi. Niliwahi kusimamia mtambo ambao vihisi vya nje vilionyesha milimita 3 kwa sekunde, kiasi ambacho hakimshtui mtu yeyote, ilhali joto la metali ya beringi lilikuwa likipanda kila wiki. Tulipofungua, metali laini ya beringi ilikuwa imekwanguliwa upande mmoja.

Vihisi viwili vya shafti vilivyopangwa kwa pembe ya digrii 90 vingetuchorea njia kinayopita kiini cha shafti katika kila mzunguko, na volti yake tuli, yaani ile inayofuata umbali wa wastani kati ya kihisi na shafti, ingetuonyesha kwamba shafti imeshuka au imesukumwa pembeni. Hilo la pili kihisi cha mchapuko hakiwezi kulisema kamwe.

Gololi

Nakubali kwa mtambo wake, lakini wasomaji wengine wasiichukue kama sheria ya jumla. Turbaini zetu zimetokana na injini za ndege, na rota zake hukaa kwenye beringi za gololi na za roli, ambazo hupitisha mtikisiko moja kwa moja hadi kwenye kasha jepesi. Kwetu sisi kihisi cha mchapuko ndicho mfalme, mradi kiwe cha aina inayostahimili joto, ambayo kikuza ishara chake huwekwa mbali mahali pa baridi. Vile vya kawaida vyenye elektroniki ndani huanza kufa joto likipita takriban nyuzi 120.

Fundi wa Vipimo

Mimi ndiye ninayetumwa kuvifunga, kwa hiyo nitasema yanayosahaulika kwenye vikao. Kihisi cha shafti, waya wake wa nyongeza na kisanduku chake huoanishwa kwa urefu maalumu. Ukikata waya kwa sababu umezidi, umeharibu kipimo chote. Vingi hutoa volti 7.87 kwa kila milimita, na hufungwa vikiwa na volti hasi 10 hivi, lakini takwimu hizo ni za chuma cha aina moja iliyotumika kiwandani. Shafti yako ikiwa ya aloi nyingine, kisawazishe upya. Kihisi hakitofautishi mkwaruzo wa shafti na mtetemo, kwa hiyo rekodi usomaji wa mzunguko wa polepole kabla ya kuamini lolote. Kazi hii inahitaji mtambo usimame na beringi zifunguliwe. Usiahidi kuimaliza wikendi.

Zamu ya Usiku

Nashukuru. Je, hivi vya betri nivitupe kabisa?

Mpima Mtetemo

Usivitupe, ila usivikabidhi roho ya mtambo. Kihisi kinachoamka kila baada ya saa kadhaa ili kuokoa betri hakiwezi kuuzima mtambo pale kipande cha panga la turbaini kinapokatika, kwa sababu tukio hilo humalizika ndani ya sekunde. Vifunge kwenye pampu za mafuta na feni za kupoza, ambako leo hakuna kipimo chochote isipokuwa sikio la fundi.

Jambo ninaloliona limekosekana katika mapendekezo yote matatu ni alama ya mzunguko, yaani kihisi kimoja kinachotazama mfereji mmoja kwenye shafti. Bila hiyo hakuna fezi, yaani pembe ya mzunguko ambapo mtetemo hufika kileleni, na bila fezi unasoma nusu ya habari. Mtetemo wa mikromita 40 kwenye digrii 30 ukihamia digrii 90 ukiwa bado mikromita 40, skrini itaonyesha kwamba hakuna kilichobadilika, ilhali badiliko halisi la vekta (ukubwa pamoja na pembe) ni mikromita 40 kamili. Uzito umehama, au kitu kimelegea.

Gololi

Hapo sina ubishi. Nitaongeza viwango tu: kiwango cha kimataifa ISO 20816-4 ya 2018, inayohusu turbaini za gesi zinazozidi megawati 3 zenye beringi za utando wa mafuta, inaruhusu kupima shafti na nyumba ya beringi pia. Mpaka wa maeneo B (mtetemo unaokubalika kwa kazi ya muda mrefu) na C (usiofaa kwa muda mrefu) ni milimita 9.3 kwa sekunde kwa nyumba ya beringi, na kwa shafti ya mizunguko 3000 ni takriban mikromita 164 kutoka kilele hadi kilele. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba kimoja ni haramu. Mimi ningeweka vya shafti, kisha ningebakiza kimoja cha mchapuko kwa kila beringi.

Zamu ya Usiku

Nitapeleka pendekezo hilo pamoja na alama ya mzunguko, kazi ifanyike kwenye matengenezo makubwa yajayo.

Fundi wa Vipimo

Kabla hamjang'oa vile vya zamani, rekodini mtambo ukizimwa kutoka mizunguko 3000 hadi usimame. Wakati rota inapita kwenye kasi hatarishi yake, ile ambayo mtetemo hukua ghafla, ndipo tabia yake huonekana, na baada ya ukarabati mtahitaji rekodi hiyo ili kujua kama kilichobadilika ni mtambo au ni kipimo.