Waliosoma Hamburg: siku za mwanzo mji mliuonaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, mdogo wangu kapata chuo Hamburg, anaondoka Oktoba. Viza na benki nimeshamweleza. Anachoniuliza ni mtaani kukoje. Naanza, mtaongezea.

Mimi nilitua Jumamosi usiku. Asubuhi natoka kutafuta mkate, mtaa mzima kufuli. Jumapili maduka hayafunguliwi, ndiyo sheria yao. Yaliyoniokoa ni maduka ya ndani ya stesheni kuu, na foleni ilikuwa imetoka hadi nje. Kwa hiyo dogo, Jumamosi jaza friji.

Mzee wa Kigamboni
Mkuu umeruka pantoni! Nenda gati la Landungsbrücken, panda namba 62 ya Finkenwerder. Ni usafiri wa umma kama treni, tiketi yako ya muhula inatosha. Watalii wanalipa hela ndefu kuzungushwa bandarini, wewe umekaa juu unapigwa upepo, meli ya makontena inapita jirani mpaka unasoma maandishi ya ubavuni. Nilijiona niko Magogoni, sema tu hakuna wa kukuuzia karanga. Ukirudi, shuka handaki la zamani chini ya mto Elbe, la mwaka 1911, mita 426, kwa miguu ni bure. Angalia kuta zake: kuna samaki, kaa, hata panya na kiatu kikuukuu, vyote vya kufinyangwa.

Ngosha
Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu wanasimama. Usiku wa manane, gari hakuna, mvua inanyesha, wamesimama! Dogo naye asimame.

Bint Unguja
Assalaam alaykum. Mimi nilichokwenda kutazama mwanzo ni kaburi la Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Lipo Ohlsdorf. Msidhani ni makaburi kama ya kwetu: ni hekta 389, na mabasi ya mji yana vituo humo humo ndani. Bibi alitoka Unguja 1866, mwaka wa pili akaingia Hamburg na mumewe Mjerumani. Mume akafa kwa ajali ya tramu 1870, akabaki na watoto wadogo watatu katika mji wa watu, tena wenye baridi ile. Alifariki 1924 huko Jena, akaja kuzikwa hapa. Siku ile nimesimama, mama mmoja anayemwagilia maua kaburi la pili akaniuliza, huyu ni jamaa yako? Nikamwambia, ni wa mji wangu. Akanipa maua mawili katika yake niweke.

Watu wakikwambia Hamburg ni ghala na bandari tu, usiwasikilize.

Mvita Original
Salama jamani? Mwasahau mvua! Mwavuli ni kazi bure, upepo waupindua. Nunua koti lenye kofia. Lingine: chuo kikuu chao chafundisha Kiswahili. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula, kijana wa Kijerumani akaniamkia "Shikamoo!" kwa sauti, na umri ni sawasawa. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Hadi leo ni rafiki yangu.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nanakili yote. Na unga wa ugali je?

Ngosha
Steindamm, nyuma ya stesheni kuu. Kuna maduka ya Waafrika, Waturuki na Waafghani. Bamia pia zipo, ila bei yake ashikilie moyo.