Tupeane uzoefu: kuunganisha jiko na daining kwa bajeti ndogo

Mjenzi wa Kibaha
Habari za humu wakuu. Nyumba nyingi za vyumba vitatu zina jiko la mita 3 kwa 3, stoo ubavuni, na daining upande wa pili wa ukuta. Uzi huu ni wa kupeana uzoefu wa kuziunganisha bila kumaliza hela. Tuandike vipimo na idadi, kila mtu akapige bei za duka la mtaani kwake.

Naanza na ukuta. Kabla hujashika nyundo, panda darini. Ukikuta kenchi (fremu za mbao za paa) zimekalia ukuta huo, au kuna mbao imesimama juu yake kushikilia paa, ukuta huo unabeba paa. Kenchi zikipita juu bila kuugusa, huo ni wa kugawa vyumba tu. Kugongagonga usikilize mlio hakukwambii kitu, tofali za inchi 6 zinalia vilevile. Nyumba ya ghorofa muite mhandisi, hakuna njia ya mkato.

Kingine ni lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Ile inayovuka dirisha la mita 1.5 ukuta wa nje ndiyo hiyohiyo inayozunguka kuta za ndani. Kwa hiyo uwazi usiozidi mita 1.5 chini yake kwa kawaida hauhitaji bimu (boriti ya zege) mpya. Ila hakikisha: chokonoa plasta sehemu mbili tatu uone zege na nondo, maana kuna mafundi wanaoruka lenta kuta za ndani ili kuokoa saruji.

Kwa bajeti ndogo ningeshauri hivi kwa asilimia mia. Acha ukuta wa chini kimo cha sm 100, fungua kutoka hapo hadi chini ya lenta, upana mita 1.5. Chora mstari, kata plasta pande zote mbili kwa grainda yenye kisu cha mawe, kisha toa tofali kuanzia juu, moja moja. Wanaoanza chini hushusha ukuta wote kwa mkupuo na kuvunja vigae. Uwazi huo unatoa tofali kama 16, nyingi zikiwa nzima ukitumia patasi kwenye viungo. Juu ya ukuta uliobaki weka ubao mgumu au granaiti yenye upana wa sm 40 iwe kaunta, mbele viti virefu. Umepata jiko la wazi na hujagusa paa.

kokoto_na_nondo
Mkuu hapo juu kasema vema. Naongezea kwa anayetaka uwazi wa mita 3 kwenye ukuta unaobeba, nyumba isiyo ya ghorofa, paa la bati.

Lenta ikiwa kwenye kimo cha mita 2.1 na ukaweka bimu ya sm 30 chini yake, unabaki na mita 1.8. Mtu mzima atagonga kichwa. Bimu ikae juu ya lenta, mahali pa kozi (safu) mbili za tofali zilizo kati ya lenta na kenchi. Kama hakuna kozi mbili hapo, rudi kwenye ushauri wa mita 1.5.

Utaratibu: simamisha mirunda (nguzo za miti) pande zote mbili za ukuta, kila sm 90, juu yake mbao ya inchi 2 kwa 4 inayobeba kenchi, chini yake mbao nyingine ili mzigo usitoboe kigae. Ndipo toa zile kozi mbili. Tandika nailoni juu ya lenta ili zege jipya lisishikane nayo. Lenta inakuwa sakafu ya boksi la kumwagia zege, unanunua mbao za pembeni tu.

Bimu ni sm 15 kwa 30, urefu mita 3.6, yaani kila upande inakalia ukuta sm 30. Nondo za mm 12: tatu chini, mbili juu. Nondo mbili za mita 12 zinatosha, kila moja inatoa vipande vitatu. Ringi za mm 8 za kuzungushia nondo hizo kila sm 15, jumla 25, nazo zinatoka kwenye nondo mbili za mm 8. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kwa ndoo ya lita 20: mfuko mmoja wa saruji, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji yasizidi ndoo moja na robo. Hiyo ni takriban mita za ujazo 0.16, karibu sawasawa na bimu yenyewe, hivyo nunua mifuko miwili. Mchanga ukiwa umelowa punguza maji. Fundi ataomba aongeze maji ili zege "liteleze". Mkatalie, maji ya ziada yanaacha matundu na bimu inakuwa dhaifu. Atumie kipande cha nondo kulishindilia.

Mwagilia siku 7. Mirunda isitoke kabla ya siku 14. Baada ya hapo kata lenta ya chini vipande vya nusu mita tofali zikiwa bado zimeishika. Kipande kimoja ni zaidi ya kilo 30, na ukitoa tofali kwanza kitamwangukia mtu. Mwisho ndiyo unavunja ukuta. Kiungo cha bimu na tofali za zamani kipigwe wavu wa kuku kabla ya plasta, la sivyo ufa utaonekana tu.

Mama J wa Tegeta
Kaka zangu mmeng'ang'ania ukuta wa daining, stoo je? Stoo ya mita 1.5 kwa 2 ina ukuta mfupi ambao mara nyingi haubebi kitu, na ukitoka unapata mita 3 za mraba palepale. Vitu vya stoo vinahamia kabati la kutoka chini hadi juu, kina sm 40.

Pima samani kabla ya kuvunja. Kaunta sm 60, njia ya mpishi sm 100, meza ya watu sita 90 kwa 180, na nyuma ya kiti sm 75 ili mtu avute kiti na mwingine apite. Jumla upande mmoja tu inakula mita 3.25. Chumba kisipotosha, meza iguse ukuta au ile kaunta ya sm 40 iwe ndiyo meza.

Na jiko la uani libaki. Mkaa ndani ni hatari kwa sumu ya moshi usioonekana, na harufu ya dagaa wa kukaanga ikishaingia kwenye makochi na mapazia haitoki. Ndani pika kwa gesi, uani pika vya moshi na vya mafuta mengi.

bomba_inchi_mbili
Usihamishe sinki. Likibaki kwenye ukuta wa nje karibu na chemba (shimo la kukagulia bomba za maji machafu), gharama ya bomba ni karibu na bure. Ukilipeleka katikati ya chumba unapasua sakafu, na bomba la maji machafu la inchi 2 linahitaji kushuka sm 2.5 kila mita. Mita 4 ni sm 10 tayari, na chemba yako huenda haina kina hicho. Bomba lililolazwa bila mteremko hujaa mafuta ya chakula likaziba. Kaunta ya katikati iwe kavu.

Kabati la chini ya sinki tumia marine bodi (plaiwudi inayostahimili maji). MDF (bodi ya unga wa mbao) ikipata maji inavimba na bawaba zinang'oka.

Fundi Taa
Ukuta wa jiko una soketi, na nyaya zake zinashuka kutoka darini. Zima breka kwenye mein swichi, pima kwa testa kila soketi na kila swichi pande zote mbili za ukuta, maana soketi ya daining inaweza kuwa inachukua umeme kutoka jikoni. Nyaya zivutwe juu, ziungwe ndani ya boksi lenye mfuniko, si kusokotwa na kufungwa tepu. Jiko la umeme au oveni lipate waya wake wa mm 6 na breka ya ampea 32. Kazi afanye mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Feni ya kutoa moshi wengi wanaisahau. Jiko la 3 kwa 3 lenye kimo cha mita 2.8 lina mita za ujazo 25, na ukitaka hewa ibadilike mara 10 kwa saa unahitaji feni ya mita za ujazo 250 kwa saa. Ukiunganisha na daining chumba kinafika 3 kwa 6.5, unahitaji karibu 550. Feni ya zamani itazunguka tu. Kabla ya kununua kubwa, fungua madirisha ya pande mbili uone upepo unavyopita. Kwa huku pwani mara nyingi feni ndogo iliyo juu ya jiko lenyewe na upepo huo vinatosha.

Nadia_TA
Samahani wakuu, mtungi wa gesi ukae wapi sasa ukuta ukiwa haupo?

Mjenzi wa Kibaha
Dada Nadia, nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Zamani ukuta na mlango viliizuia jikoni, sasa inafika sebuleni penye chetezo cha udi. Mtungi ukae kwenye kibanda chenye matundu chini, mbali na chemba na mifereji, kwa sababu gesi huzama humo. Mpira ukipita ukutani upite ndani ya kipande cha bomba ili usikwaruzwe na tofali. Kila ukibadili mtungi paka povu la sabuni kwenye regulata na viungo, likitoa mapovu funga. Ndani acha tundu la hewa kwenye ukuta wa nje, sm 15 kutoka sakafuni, lenye wavu wa kuzuia panya.

kokoto_na_nondo
Sakafu nayo. Ukuta ukitoka unaacha mfereji wa sm 18 hivi, na vyumba viwili vinaweza kupishana sm 1 hadi 2. Usitafute vigae vinavyofanana, rangi za mzigo mpya hazilingani na za zamani. Chimbua sm 5, jaza saruji kwa mchanga 1:3, acha ikauke, kisha weka mkanda wa kigae cheusi wa sm 20. Kigae cha 60 kwa 60 kinatoa mikanda mitatu, hivyo vigae viwili vinamaliza mita 3. Tofauti ya kimo imalizwe ndani ya mkanda huo kwa mteremko mdogo, asijikwae mtu. Rangi ya ukutani isubiri plasta mpya ikauke wiki 3 hadi 4, ukiharakisha itabanduka kama maganda.