Naomba ushauri: mitihani, ngoma na maombi ya chuo vimekutana mwezi mmoja

Msusi wa Ukili
Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari za jioni. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma stashahada ya sanaa hapa Bagamoyo, mwaka wa pili, upande wa uchoraji. Nimefika mahali ambapo usingizi hauji, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo.

Kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri niko darasani. Jumamosi jioni napiga ngoma katika kikundi kinachotumbuiza wageni kwenye hoteli za ufukweni, jambo nililolianza kwa kulipenda tu lakini ambalo sasa ndilo linaloninunulia rangi na kunilipia nauli. Usiku namsaidia bibi kusuka ukili wa mikeka, maana macho yake hayamruhusu tena kuhesabu miyaa. Na tangu Januari nimekuwa nachora kwa ajili ya maombi ya chuo kimoja cha ng'ambo ambacho hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa sanaa. Wanataka potifolio yenye kazi kati ya 12 na 15, maelezo mafupi ya kila kazi, na barua ya mwombaji.

Tarehe ya mwisho ni 31 Mei. Mitihani ya muhula inaanza wiki ya kwanza ya Juni. Katikati ya hayo, kikundi chetu kimealikwa Tanga kwa siku tatu, na kiongozi anataka jibu langu wiki hii. Nachora usiku tu, na picha moja hunichukua wiki mbili, ingawa namshukuru Mungu kwamba hadi leo nina picha 14. Je, niugawe vipi muda uliobaki, na kama kuna kitu cha kuacha, niache kipi?

Mama Wawili
Marahaba mwanangu. Mimi nilisoma ualimu huku nikinyonyesha pacha, na cherehani ya watu ikinisubiri nyumbani, kwa hiyo hali yako naifahamu. Nilichojifunza ni kwamba mchana haupangiki, kwa sababu kila mtu ana haki na mchana wako. Nilikuwa naamka saa kumi usiku, watoto wamelala, jirani hajawasha redio, na saa mbili zile zilikuwa na thamani kuliko jioni nzima. Wale pacha leo wako kidato cha nne, na mmoja anapenda kuchora kama wewe, ila baba yake anataka asome sayansi, jambo ambalo tumelijadili hadi tumechoka. Safari ya Tanga iache. Wageni wa hotelini watakuwepo mwaka ujao.

Kijana wa Bunju
Dada, kwa nini uanze na ng'ambo? Ukimaliza stashahada kwa wastani usiopungua 3.0, na kidato cha nne ukiwa na ufaulu wa masomo manne, tayari unatimiza sifa za chini za kuomba shahada hapa nyumbani kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa za ubunifu. Mkopo unaombwa peke yake, kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na wengi hukosa kwa sababu hudhani kwamba ukishaomba chuo umeshaomba na mkopo. Kaka yangu alikosa hivyo hivyo akakaa nyumbani mwaka mzima.

Mwalimu Mstaafu
Mshika mawili moja humponyoka, na wewe binti yangu umeshika manne. Mwanafunzi ni mwanafunzi kwanza. Ngoma na mikeka ni mambo mema, lakini mtihani ukishapita haurudi, na cheti ndicho kitakachokusemea mahali ambapo wewe mwenyewe hutakuwepo. Chukua karatasi, andika saa 24 za siku, kisha mpe kila mwenye haki haki yake, ukianza na masomo.

Fundi wa Dunda
Habari za jioni dada. Mimi ni fundi seremala, na kazi yangu ni vipimo, kwa hiyo nimejikuta nahesabu. Umesema ulianza Januari na picha moja huchukua wiki mbili. Kutoka mwanzo wa Januari hadi leo, katikati ya Mei, ni wiki 19, yaani picha tisa, kumi tukikuonea huruma. Wewe umesema 14. Zile tano zimetoka wapi? Sikuulizi kwa ubaya, ila kama una njia ya kuchora haraka hivyo, basi swali lako la muda limeshajijibu.

Msusi wa Ukili
Nawashukuru wote. Mama, nitajaribu hiyo saa kumi. Kaka Fundi, hizo nyingine ni za zamani kidogo.

Fundi wa Dunda
Za zamani za lini? Na kama zilikuwepo tangu zamani, mbona unahangaika usiku kuchora nyingine?

Msusi wa Ukili
Nimekaa na swali hili tangu jana. Afadhali niseme.

Mjomba wangu ni mchoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi kali. Ndiye aliyenishika mkono nikiwa darasa la nne, akanipa kazi ya kujaza nukta kwenye chui na kanga wake. Mwaka jana alipata kiharusi na mkono wa kulia ukalegea. Karakanani zilibaki mbao tano ambazo alikuwa amekwisha kuchora wanyama na samaki, lakini nyuma yao palikuwa patupu. Alinipa mimi nizimalize ziuzwe, ili zisaidie gharama za mazoezi ya mkono. Nikazimaliza: rangi za nyuma, bahari, miti na nukta zote. Hakuwa ameziandika jina, kwa sababu fundi hutia jina mwisho kabisa. Pembeni palikuwa wazi. Nikaandika langu.

Picha zake tano nimeshazipakia kwenye fomu ya maombi pamoja na zangu, ila sijabonyeza kutuma. Naomba msinihukumu haraka. Karakanani hakuna mtu anayesema hii ni yangu na ile ni yako. Mmoja hupaka rangi ya nyuma, mwingine huchora twiga, mtoto hujaza nukta, na picha huuzwa. Nusu ya kila mbao ni jasho langu, na wachoraji wangapi wameandika jina juu ya kazi za wasaidizi wao? Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi kwa miaka kumi na jina langu halikuandikwa hata mara moja.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, hilo la mwisho ni kweli na linauma. Lakini dhulma uliyofanyiwa hailipwi kwa kumdhulumu mgonjwa.

Kijana wa Bunju
Mimi naona tunakuza. Huko ng'ambo nani atajua? Twiga wa Tingatinga wote wanafanana.

Mchora Vivuli
Kaka wa Bunju, hapana, na naomba nilieleze hili kwa utulivu kwa sababu linanigusa. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu na mzaliwa wa Tunduru, alikufa mwaka 1972 akiwa na miaka 40 hivi, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wengi wao ndugu na jamaa zake, waliojifunza kwa kukaa kando yake kama dada huyu alivyokaa kando ya mjomba wake. Waliendelea na mtindo ule na kila mmoja akaandika jina lake mwenyewe kwenye kazi zake. Kisha wakaja watu wakaandika jina la marehemu kwenye picha ambazo hakuzigusa, na hadi leo mwenye picha yake halisi hulazimika kuithibitisha. Kwa hiyo, dada, kuazima mtindo na kumaliza kazi ya mwalimu ni desturi ya karakana, na hakuna wa kukulaumu kwa hilo. Jina la pembeni ni jambo jingine. Vyuo vingi humtaka mwombaji atie saini kwamba kazi zote ni zake, na saini hiyo ndiyo itakayokufuata.

Mpita Njia
Samahani wakubwa, mimi siamini kisa hiki. Mwandishi amejiunga siku tatu zilizopita. Mara ya kwanza shida ilikuwa muda, alipobanwa na hesabu za Fundi ndipo mjomba na kiharusi vikatokea. Halafu nimesoma mahali kwamba rangi ya mafuta huchukua wiki, hata miezi, kukauka sawasawa. Huyu anasema anamaliza picha kwa wiki mbili, tena Bagamoyo, tena masika, wakati hata nguo haikauki kambani! Kesho tutaletewa namba ya simu tumchangie mjomba.

Kijana wa Bunju
Hapo umesema jambo. Na mimi nilishaanza kumtafutia fomu za mkopo.

Mama Wawili
Jamani, tumsikilize kwanza. Mtoto aliyeogopa husema ukweli kwa vipande vipande. Wangu hufanya hivyo kila siku.

Msusi wa Ukili
Sijaomba fedha na sitaomba. Nilijiunga siku tatu zilizopita kwa sababu nyumbani na chuoni hakuna ninayeweza kumwambia hili.

Kuhusu rangi: unayoisema wewe ni ile ya mirija midogo, ya wachoraji wa turubai, na ni kweli hukauka polepole. Sisi tunatumia rangi ya mafuta ya kopo, ile inayopakwa milango na madirisha, juu ya hadibodi. Tingatinga mwenyewe alianza na rangi za aina hiyo, kwa sababu ndizo zilizokuwa dukani. Tabaka moja likipakwa jembamba usiku, kesho yake linashikika. Masika huongeza siku moja au mbili, kisha unapaka tabaka linalofuata, na nukta huja mwisho. Ndiyo maana ni wiki mbili na si siku mbili. Vidole vyangu vinanuka tapentaini sasa hivi ninapoandika.

Fundi wa Dunda
Kuhusu rangi namuunga mkono. Milango ninayoitengeneza naipaka rangi hiyo hiyo, na hata mwezi wa nne mteja huichukua siku ya tatu. Mtu asiyeishika hawezi kujua kwamba nukta huja mwisho.

Mpita Njia
Kwa upande wa rangi nakubali nilikosea, na ninamwomba radhi dada. La mjomba namwachia Mungu.

Mchora Vivuli
Turudi kwenye kazi, maana siku zinakwenda. Dada, wanataka 12 na wewe unazo tisa za mkono wako. Zinapungua tatu. Unasoma uchoraji miaka miwili: mazoezi ya penseli yako wapi? Wanaochagua wanafunzi hupenda kuona jicho linavyofanya kazi, si picha zilizokamilika peke yake.

Msusi wa Ukili
Nina madaftari matatu. Naenda ufukweni alfajiri kabla ya darasa na kuwachora watu kwenye mnada wa samaki: wachuuzi walivyoinama, dalali alivyoinua mkono, ngalawa zikivutwa mchangani. Sikuyahesabu kama kazi kwa sababu hayana rangi na kurasa nyingine zina madoa ya maji ya chumvi. Pia nilichora michoro ya ukili wa bibi ili nikumbuke mpangilio wa rangi za miyaa, kwa kuwa yeye anaijua kichwani tu na hakuna aliyeiandika.

Mchora Vivuli
Hizo ndizo tatu zako, na nyingine za akiba. Chagua kurasa mbili za mnada na ukurasa mmoja wa ukili, madoa yaache yalivyo. Unapozipiga picha zile za rangi, usitumie taa ya simu, maana rangi ya kopo hung'aa na katikati patatokea doa jeupe. Ziegemeze ukutani kivulini, mchana, simu iwe sambamba na ubao ili pembe zisipinde. Zile tano ziondoe, au uzieleze kama zilivyo. Na kwa hali yoyote mjomba ajue kabla ya chuo.

Mama Wawili
Mwambie mwenyewe, mwanangu, asije akasikia kwa mtu.

Msusi wa Ukili
Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimpelekea ubao wa samaki pono, nikaweka mapajani mwake, nikamwonyesha pembeni. Alinyamaza muda mrefu, na mimi nililia kabla hajasema neno. Kisha akapitisha kidole cha mkono wa kushoto juu ya picha na kuniambia, "Bahari ni yako, samaki ni wangu." Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningemuuliza tangu mwanzo, angekubali majina mawili, na kwamba amechoka watu kumfanya kama aliyekwisha kuondoka.

Nimeziondoa zote tano kwenye fomu. Yeye anataka ule wa pono urudi, wenye majina mawili. Kiongozi wa kikundi nimemwambia siendi Tanga, na amekasirika kidogo, lakini Jumamosi za hapa nitaendelea nazo kwa sababu bila hizo hakuna rangi. Ninachobaki nacho ni maelezo ya picha hiyo moja. Niandikeje bila kuonekana kwamba sikufanya kitu, na bila kumpunguza yeye?

Mchora Vivuli
Andika kama alivyosema yeye. "Picha hii ilianzwa na mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha. Samaki amewachora yeye. Baada ya yeye kuugua, mimi nilichora bahari na nukta zote, na kuimaliza mwaka huu." Kisha ukubwa wa ubao na aina ya rangi. Usiongeze kitu.

Fundi wa Dunda
Baraza la karakana yangu linaelekea bara, kwa hiyo kivuli hukaa hadi karibu na saa sita. Jumamosi zilete mbao zote kumi nikutengenezee kiegemeo, tuzipige picha kabla jua halijageuka. Na kama mjomba anaweza kukaa kwenye bajaji, mlete na yeye, kiti kipo.